Motokaa na Mwenyewe

Mtu anunuapo motokaa kwa mara ya kwanza hujiona amepata miguu mipya. Jana alikuwa akingoja basi katika mvua. Leo hupita mbele ya wale wangojao, nao humtazama. Furaha hiyo si dhambi, maana imetokana na jasho lake. Lakini ina hatari moja: humsahaulisha mtu kwamba chombo kile si kiungo cha mwili wake. Jino likiuma, mwenyewe hapati usingizi mpaka aende kwa mganga. Chombo kikiugua hutoa dalili tu, na mwenyewe aweza kuitazama dalili hiyo au kuipa kisogo, akalala fofofo.

Huenda wewe, msomaji, huna motokaa. Bado u mwanafunzi, na safari zako ni za miguu, au za baiskeli, au za matatu. Usiufunge ukurasa huu kwa sababu hiyo. Siku yako yaja. Na hata kabla haijaja, wewe ni abiria, na abiria ajuaye dalili za hatari aweza kusema neno moja likaokoa watu wengi. Wala sitaki kukufundisha kama fundi, kwa kuwa mimi si fundi. Mimi ni mwalimu niliyefundishwa na kosa langu, na kosa lenyewe nitakusimulia bila kulipamba.

Katika mwaka 2013 nilinunua motokaa ndogo iliyokuwa imekwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa Mombasa kwa meli. Ndivyo zilivyo motokaa nyingi katika nchi yetu. Sheria hairuhusu kuingiza motokaa iliyopita umri wa miaka 8, lakini hata miaka 8 ni mingi. Anunuaye chombo cha namna hiyo hununua pamoja nacho historia asiyoijua. Hajui oili ilibadilishwa lini, wala breki zilitazamwa na nani, wala matairi yalikaa juani muda gani. Mtu mwenye busara angaliipeleka motokaa yake kwa fundi siku ya kwanza ikaguliwe toka mbele hata nyuma. Mimi sikufanya hivyo. Nilinunua vitambaa vyekundu vya kufunikia viti, na honi yenye sauti mbili. Kila Jumamosi niliiosha motokaa hiyo na kuipaka nta mpaka nikaweza kujiona uso katika mlango wake. Jirani walinisifu kwa utunzaji mwema, nami nilizipokea sifa hizo kama haki yangu.

Karibu na shule yetu, si mbali na Limuru, palikuwa na fundi mmoja mzee. Gereji yake ilikuwa kivuli cha mkaratusi, na ghala lake lilikuwa sanduku la bati. Siku moja nilikwenda kwake nizibiwe pancha. Alipokwisha kuziba, alifungua boneti bila kuombwa, akafungua kikopo kidogo kilicho karibu na upande wa dereva, akachovya ncha ya kitambaa cheupe, akanionyesha. Kitambaa kilitoka cheusi kama kilichochovywa katika kahawa.

"Mwalimu," aliniambia, "mafuta haya ya breki yamezeeka. Yabadilishwe kabla hujashuka mlima."

Nilimjibu, "Mwezi ujao, Mzee."

Mwezi ujao ulikuja, ukapita. Nilikwenda kwake tena kwa jambo jingine, akanikumbusha, nami nikampa jibu lile lile. Mara ya tatu hakunisihi. Alifuta mikono yake, akasema, "Haya, Mwalimu. Mimi nimekwisha kusema." Katika maneno yote niliyoambiwa mwaka ule, hayo ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote, nami niliyasikia kama salamu ya kuagana.

Yafaa nikueleze hapa kazi ya mafuta hayo, ili uone kwamba mzee hakuwa akitafuta fedha yangu. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, ulijaze maji, uzibe tundu kwa kidole, kisha usukume. Halisogei, kwa sababu maji hayashindiliki. Sasa litie hewa badala ya maji, usukume tena. Linabonyea kwa urahisi. Breki za motokaa hufanya kazi kwa njia ya lile bomba la maji. Mguu wa dereva husukuma kanyagio, kanyagio husukuma mafuta katika mabomba membamba, na mafuta husukuma pedi zikayabana magurudumu. Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Mafuta ya daraja liitwalo DOT 3, yakiwa mapya, hayaruhusiwi kuchemka kabla ya joto la nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji yapata sehemu 3.7 katika 100, kiwango hicho hushuka hata nyuzi 140. Dereva akizibana breki mfululizo katika mteremko mrefu, pedi na magurudumu hupata joto kali, na joto hilo huyafikia mafuta. Mafuta yaliyozeeka huchemka, na palipokuwa na mafuta huwa na mvuke. Hapo bomba la maji limegeuka kuwa bomba la hewa. Mguu hukanyaga, kanyagio huzama, na gurudumu halisikii lolote. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama motokaa haikwenda mbali.

Hayo yote sikuyajua, lakini aliyeyajua alikuwa ameniambia mara tatu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 mama yangu alitoka hospitali Nairobi, alikokuwa amelazwa siku nyingi. Daktari alimruhusu aende kwetu Narok kupumzika. Nilifurahi kupata nafasi ya kumchukua mimi mwenyewe, katika motokaa yangu mwenyewe, juu ya viti vile vyekundu. Mfuko wake wa dawa aliupakata mapajani. Tulipita Limuru asubuhi, tukaanza kuteremka bonde kuu kwa njia ya zamani.

Kama hujapita njia hiyo, jua kwamba ilijengwa na mateka Wataliani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kanisa dogo walilolijenga lingali limesimama kando ya barabara, karibu na chini. Upande mmoja una ukuta wa mlima, upande wa pili bonde liko wazi hata macho yachoke. Barabara ni nyembamba, ina pindo nyingi, na malori yenye shehena hupanda na kushuka mchana na usiku. Mji ulio chini huitwa Mai Mahiu, maana yake kwa Kikuyu ni maji ya moto. Jina hilo lingefaa kumkumbusha kila dereva jambo la kuchemka, lakini mimi halikunikumbusha kitu.

Nilifanya kosa la pili juu ya lile la kwanza. Kwa kutaka kuokoa petroli niliitoa motokaa katika gia, ikateleza kwa uzito wake, nami nikaizuia kwa breki peke yake. Kila pindo nilikanyaga. Kati ya pindo na pindo nilikanyaga. Baada ya muda nilisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Nilidhani yatoka kwa lori lililokuwa mbele yetu. Kisha kanyagio likawa laini chini ya mguu wangu. Nikakanyaga tena, likazama hata sakafuni, na motokaa ikaendelea kuongeza mwendo kana kwamba sikufanya neno.

Mama alisema, "Mwanangu, mbona hupunguzi?"

Nilimjibu, "Ni salama, Mama." Nilisema uongo, na sauti yangu ilinifichua.

Kilichotuokoa si ustadi wangu. Zamani mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa akitusimulia namna ya kushuka milima, na maneno yake yalirudi moyoni wakati ule kana kwamba amekaa kiti cha nyuma. Niliingiza gia ya tatu, injini ikanguruma. Nikaingiza ya pili, motokaa ikatikisika yote, mwendo ukapungua. Nikasukuma kanyagio la breki mara nyingi upesi upesi, likapata nguvu kidogo. Nikavuta breki ya mkono polepole, si kwa ghafula, nisije nikayafunga magurudumu ya nyuma tukazunguka. Lori lile lilikuwa hatua chache mbele yetu nilipoona nafasi pana kando ya barabara, na katika nafasi hiyo lundo la kokoto lililoachwa na watengenezaji wa barabara. Nikaielekeza motokaa huko. Iliingia katika kokoto, ikasimama. Bamba la mbele lilivunjika. Chupa moja ya dawa ilipasuka, na dawa ikatiririka juu ya kile kitambaa chekundu.

Tulikaa kimya. Mwishowe Mama aliniuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Msomaji, ningalitoa motokaa ile na vyote vilivyokuwamo ili niweze kumjibu kwamba sikujua. Asiyejua hupata ajali. Aliyejua akanyamaza ameitengeneza ajali kwa mikono yake. Nilimwambia, "Nilijua, Mama. Fundi aliniambia mara tatu." Hakunilaumu. Aliufunga mfuko wake wa dawa, akatazama bonde. Ukimya wake ulinipiga kuliko fimbo.

Hatua chache mbele ya lundo lile palikuwa na mwanamke aliyetandaza viazi na karoti akiuza, na mtoto wake amelala kando juu ya gunia. Kama si kokoto, ni wao. Mambo ya namna hiyo si hadithi. Tarehe 30 Juni mwaka 2023, katika njia panda ya Londiani, lori moja liliacha njia likaangukia magari mengine na watu waliokuwa kando ya barabara katika biashara zao, na watu zaidi ya 50 walikufa. Chombo kisichozuilika hakiulizi nani mwenye kosa. Kwa sababu hiyo utunzaji wa motokaa si siri kati ya mwenyewe na mfuko wake. Kila mtu aliye barabarani ana haki katika breki zako.

Basi, baada ya siku ile niliacha kuiangalia motokaa kwa macho ya jirani, nikaanza kuisikiliza. Nikupe machache niliyojifunza, nawe uyaweke mpaka siku yako.

Tazama oili kabla ya safari, motokaa ikiwa imesimama mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza. Lakini usiipitishe alama ya juu, maana kuzidi nako ni ubaya. Taa nyekundu yenye umbo la birika la oili ikiwaka mwendoni, simama mahali pa salama uzime injini mara moja. Usiseme utafika kwanza. Injini isiyo na oili huweza kufa katika dakika chache, na bei yake yaweza kukaribia bei ya motokaa nzima.

Tazama maji ya rejeta injini ikiwa baridi, si wakati mwingine. Katika sufuria iliyo wazi huko Limuru, penye urefu wa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 93. Ndani ya rejeta kifuniko hukaza, maji hukaa katika shinikizo, nayo yaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Mtu afunguaye kifuniko hicho kwa haraka huondoa shinikizo ghafula, na maji yote humrukia usoni yakiwa mvuke. Sindano ya kipimo cha joto ikipanda, simama, uzime, ungoje hata rejeta iweze kushikwa kwa mkono. Wala usimimine maji baridi katika injini iliyo moto, maana chuma huweza kupasuka. Na kama maji hupungua kila juma, usijisifu kwa kuongeza kila juma, tafuta yanakokwenda.

Tazama matairi asubuhi kabla ya kwenda, kwa sababu tairi likipata joto hewa yake hutanuka na kipimo hudanganya. Kiasi cha hewa kitakiwacho kimeandikwa katika kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukiona tairi limelika upande mmoja tu, magurudumu hayaelekei sawasawa. Umri nao una neno. Ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne. 3519 maana yake ni kwamba lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno marefu na bado likawa limezeeka, limejaa nyufa ndogo, likangojea jua la mchana kupasuka. Na lile gurudumu la akiba usilisahau. Wengi hukumbuka kulijaza hewa usiku wa pancha.

Usizipuuze sauti. Breki zikitoa mlio mwembamba wa chuma, pedi zimekwisha. Mkanda wa feni ukilia asubuhi, umelegea au umechakaa. Taa za mbele zikififia unapowasha injini, betri yakuomba uitazame. Huenda vichwa vyake vimeota unga mweupe tu, na kuvisafisha ni kazi ya dakika chache. Usukani ukivuta upande mmoja, usizoee kuurudisha kwa mkono. Mazoea ni dawa ya usingizi kwa mwenye motokaa: kilicholia juzi kwa kutisha, leo hulia naye haamki.

Katika mteremko, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, uiachie injini kazi ya kuzuia, na breki uzitumie kwa kukanyaga na kuachia. Usitelezeshe motokaa nje ya gia, wala usizime injini ungali mwendoni, maana usukani hukaza na breki hupoteza msaada wake. Ukiharibikiwa njiani, toka katika barabara kadiri uwezavyo, na uweke pembetatu nyekundu za onyo mbali nyuma ya motokaa, aonaye apate nafasi ya kusimama. Watu wengine huweka matawi ya miti, kisha huondoka wakayaacha yale matawi na mawe barabarani. Huko ni kujiokoa kwa kumtegea mtego ajaye nyuma.

Najua jibu la wengi, kwa kuwa lilikuwa jibu langu: fedha hazipo. Nami sidharau shida ya fedha. Mshahara wa mwalimu naufahamu. Lakini siku ile nilifanya hesabu nikiwa nimekaa juu ya kokoto. Kazi ya kubadilisha mafuta ya breki haikufika hata robo ya bei ya vitambaa vyangu vyekundu. Fedha zilikuwapo. Nilizipeleka panapoonekana, nikazinyima pasipoonekana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nikiupaka ufa rangi.

Juma lililofuata nilikwenda kwa mzee chini ya mkaratusi. Nilimweleza yote. Nilitazamia aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Alichukua spana, akalala chini ya motokaa, akaniita nikae kitini nikanyage na kuachia kwa amri yake, mafuta machafu yakitoka na mapya yakiingia, hata kanyagio likawa gumu kama ubao. Kisha alisema, "Sasa unasikia?" Nikamjibu kwamba nasikia. Sijui kama alikusudia kanyagio peke yake.

Mama angali hai, mwenye afya, na motokaa ile niliiuza zamani. Ninayo nyingine. Viti vyake vimechakaa, na honi yake ni ile iliyokuja nayo. Kila nimchukuapo Mama safarini, haulizi kama nimeiosha. Hufunga mkanda wake, hunitazama kidogo, kisha huuliza, "Fundi amesemaje?" Nami siondoki mpaka niwe na jibu la kweli la kumpa.